Mwalimu, Mpinzani Wako ni Ziwa

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ukitaka kujua mtoto wa kandokando ya ziwa letu anapenda nini, usimwulize darasani. Nenda mwaloni alfajiri, wakati mitumbwi ya dagaa inaporudi. Pale Kirumba, au Igombe, au mwalo wowote mdogo kuanzia Magu hadi Sengerema, utamkuta mvulana wa miaka tisa au kumi, kaptula ya shule mwilini, shati begani, akisaidia kuvuta kamba. Anajua mtumbwi upi umepata na upi umerudi mtupu kabla haujagusa mchanga, kwa jinsi tu ulivyozama majini. Anajua sado ya dagaa jana iliuzwaje na leo itauzwaje. Anajua kufunga fundo ambalo mimi na wewe tukilifunga litafunguka lenyewe. Saa mbili mwalimu anapoita majina, huyu hayupo, na katika daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro.

Tumezoea kuueleza utoro huu kwa neno moja: umaskini. Ni kweli, na asije mtu akasema ninawabeza wazazi. Mtoto anayerudi nyumbani na bakuli la dagaa amewalisha wadogo zake. Lakini ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 michango ya lazima nayo ikaondolewa, na bado mwalo haukukosa watoto. Tena nimewaona watoto wa wenye mitumbwi, watoto wasiojua njaa, nao wakikimbilia kule kule. Kwa hiyo kuna jambo jingine, na jambo lenyewe ni hili: mwaloni mtoto anapewa kazi ya kufanya, anaifanya kwa mikono yake, na matokeo anayaona papo hapo. Darasani anapewa benchi. Anaambiwa akae, anyamaze, aitikie kwa pamoja, anakili ubaoni. Mwalimu anadhani anapambana na umaskini peke yake, kumbe ana mpinzani mwingine ambaye hajawahi kusomea ualimu na anafundisha vizuri kuliko yeye. Mpinzani huyo ni ziwa.

Nasema hivyo pia kwa walimu wa watoto makanisani, na pengine nianze na hao, maana wao hawana mkaguzi.

Hebu tazama mambo yalivyo Jumapili katika makanisa yetu mengi. Ibada ya watu wazima ina kinanda, ina spika kubwa, ina viti vya plastiki vipya. Watoto wanapelekwa chini ya mwembe ili wasisumbue. Mwalimu wao ni binti aliyemaliza kidato cha nne juzi, ambaye hakufunzwa kazi hiyo na mtu yeyote, wala halipwi, wala hapewi hata chaki. Akiwachangamsha watoto, mzee wa kanisa anatoka nje na kidole mdomoni. Basi binti wa watu afanye nini? Anaimbisha nyimbo tatu zilezile, anawakaririsha aya moja, anauliza nani aliomba kabla ya kulala, mikono yote inainuka, wanafumba macho, wanakwenda nyumbani. Nimekaa katika vipindi vya namna hiyo nikihesabu miayo. Kanisa moja, sitalitaja, lilichanga fedha mwaka mzima kununua vyombo vya muziki, na walimu wa watoto walipoomba fedha kidogo za manila na kalamu za rangi wakajibiwa kwamba bajeti imefungwa.

Ni ajabu, kwa sababu shule ya Jumapili haikuanza hivyo. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester kule Uingereza, Robert Raikes, mwenye gazeti, alianzisha shule kwa watoto waliokuwa wakifanya kazi viwandani siku sita kwa juma. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao pekee. Kilichofundishwa kwanza kilikuwa kusoma. Watoto wa kazi, siku moja ya nafasi, na mtu aliyeona kwamba siku hiyo isipotumiwa vizuri watoto wale wamepotea: je, hii si picha ya mwalo wetu? Hata kandokando ya ziwa hili dini na kusoma viliingia vimeshikana mikono. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walifika Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883, na popote walipojenga kanisa darasa halikuwa mbali. Ng'ambo ya ziwa, Waganda hadi leo wana neno moja, okusoma, wanalolitumia kwa kusoma kitabu na kwa kusali pia. Kwao mtu akienda kanisani, amekwenda kusoma.

Sasa nieleze kipindi kimoja nilichokiona, ambacho kilinifanya niyafikirie yote haya. Kilikuwa katika kigango kidogo cha pwani ya ziwa, watoto kama sitini hivi, mwalimu mmoja mwanamke. Somo lilikuwa lile la Injili ya Yohana, sura ya 21, ambapo wanafunzi saba wanavua usiku kucha bila kupata kitu, kisha asubuhi wanatupa jarife upande wa kuume na kupata samaki 153. Mwalimu alikuwa na mfuko wa visoda, yaani vile vifuniko vya chupa za soda na bia. Alivimwaga juu ya kanga iliyotandazwa chini akasema, haya, hao samaki, wahesabuni. Watoto walivamia. Wa kwanza walihesabu kimoja kimoja wakapotea njiani, mmoja akasema 140, mwingine 160. Mwalimu hakuwakosoa. Aliwauliza tu: mama zenu wanahesabuje samaki mwaloni? Msichana mmoja akajibu, kwa mafungu. Basi wakaanza kupanga mafungu ya kumikumi. Yakatoka mafungu kumi na matano na visoda vitatu vya pembeni. Mia moja hamsini na tatu. Darasa la kwanza wote waliiona ile mia, wakaiona ile hamsini, wakaviona vile vitatu, kwa macho yao, juu ya kanga.

Kisha mwalimu akauliza, wavuvi walikuwa saba, kila mmoja apate wangapi? Wakagawa. Ishirini na moja kila mmoja, wakabaki sita. Hapo kijana mmoja, mtoto wa mvuvi bila shaka, akapinga kabisa. Akasema, mwalimu, mwenye mtumbwi hajapata. Mwenye mtumbwi anachukua nusu kwanza! Vurugu ikaanza, lakini ilikuwa vurugu ya hesabu. Nusu ya 153 ni ngapi? Samaki mmoja atakatwa? La, akasema mwingine, mmoja tunamtoa wa kitoweo, wanabaki 152. Nusu yake 76. Kwa watu saba ni kumi kumi, wanabaki tena sita. Na hao sita? Wapewe wajane, akasema yule msichana wa mafungu. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akawauliza kama katika habari ile Yesu alikuwa amekwisha kuwasha moto wa makaa na kuweka samaki juu yake kabla wao hawajafika ufukoni, alikuwa na haja gani ya samaki wao? Watoto wakafikiri. Sikumbuki majibu yote, lakini nakumbuka kwamba hakuna aliyepiga miayo.

Tazama kilichotokea pale. Mchezo haukuwa kitu cha kuwachangamsha watoto kabla ya somo kuanza, somo lenyewe lilikuwa ndani ya mchezo. Ukiviondoa visoda, somo linaondoka navyo. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa kila mwalimu anayetafuta mbinu za kufundisha watoto: kazi ya mikono uliyowapa, ukiitoa, kuna kitu kinapotea? Kama hakipotei, basi ulikuwa unapoteza muda wao kwa furaha.

Kwa kipimo hicho mambo mengi tunayoyaita mbinu za kisasa yanaanguka. Nimeona vitabu vya walimu wa Jumapili vilivyoletwa kwa ukarimu mkubwa kutoka Marekani, vinavyomwambia mwalimu achukue trei ya mayai, gundi ya kung'aa na vijiti vya barafu, atengeneze kondoo. Mwalimu wa Ukerewe atavipata wapi vijiti vya barafu? Na akivipata, mtoto akimaliza kubandika kondoo wake atakuwa amejifunza nini juu ya mchungaji, yeye ambaye babu yake anachunga mbuzi mia? Karatasi za kupaka rangi nazo ni hivyohivyo. Hazina ubaya, zinatuliza, lakini saa nzima ya kupaka rangi vazi la Yusufu ni saa ya kupaka rangi tu.

Lakini kuna upande mwingine ambao lazima tuuseme kwa sauti ya chini kidogo. Mchezo una nguvu, na chenye nguvu hushikwa kwa uangalifu. Habari ya Yesu kutuliza dhoruba, ile ya Marko sura ya 4, hupendwa sana na walimu wa watoto. Inaigizwa kwa urahisi: benchi ni mashua, kanga zinapeperushwa kuwa mawimbi, mmoja analala kwenye shetri. Watoto wa bara hucheka. Watoto wa ziwa wanaijua dhoruba kwa jina la mtu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ikafa nayo mamia ya watu, na makaburi yao yako pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Hizo ni zile zilizotangazwa duniani kote. Mtumbwi wa watu watatu ukipotea usiku hautangazwi popote, isipokuwa katika nyumba tatu.

Kwa hiyo mwalimu anayewapandisha watoto juu ya benchi lile, kisha akasema Yesu akatuliza upepo na wote wakapona, ajue kwamba katika kundi lake yupo mtoto anayeuliza moyoni kwa nini baba yake hakupona. Simwambii mwalimu aliache somo. Namwambia awajue watoto wake kabla ya kugawa kanga. Nilimsikia katekista mmoja mzee wa visiwani akieleza anavyofanya yeye: hawaigizi mawimbi hata kidogo. Anawakalisha watoto ndani ya mtumbwi wa kweli ulioegeshwa mchangani, anawasimulia polepole, halafu anauliza ni nani hapa ameogopa majini. Wanasema. Wengine wanalia. Akimaliza anawaonyesha jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea, wanavalishana, wanafungana kamba moja baada ya nyingine. Yeye haoni kwamba amehama kutoka kwenye Injili. Nami sioni.

Turudi shuleni. Huko mwalimu ana mtaala, ana mitihani, na mara nyingi ana watoto mia na zaidi katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya 45. Ninayajua hayo. Lakini nipeni dakika chache niseme juu ya vitu ambavyo ziwa limeviweka mlangoni mwa darasa bila malipo.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na za jua zimeenea. Mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazina maana, mitumbwi inapumzika, na dagaa wabichi wanaadimika. Mtoto yeyote wa mwaloni anajua hilo. Basi mwalimu wa darasa la nne abandike ukutani karatasi moja yenye vyumba thelathini. Kila usiku mtoto mmoja ana zamu ya kuutazama mwezi na kesho yake kuuchora katika chumba chake, na chini yake kuandika bei ya sado mwaloni siku hiyo. Mwezi ukiisha, darasa zima linaona kwamba umbo la mwezi linarudi baada ya siku kama 29 na nusu, na linaona bei ikipanda na kushuka nalo. Hapo kuna sayansi, kuna hesabu, kuna uandishi, na utoro wa siku moja unaonekana ukutani kama jino lililong'oka, kwa hiyo wenzake ndio watakaomfuata mwenye zamu, si mwalimu.

Au gugumaji. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na uliingia ziwani mwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, ukishuka na mto Kagera. Wataalamu wanasema ukipata hali nzuri unaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi. Maneno hayo mtoto akiyakariri hayamwambii chochote. Mpe kisoda kimoja, mwambie hili ni gugumaji moja. Wiki mbili zimepita, viwe viwili. Nyingine, vinne. Nane. Kumi na sita. Wataanza kwa kucheka, lakini wakifika 128 watakuwa wamekopa visoda vya darasa la jirani, na mara ya kumi, 1,024, hakuna darasa Mwanza lenye meza ya kuvitosha. Hapo waulize: kama mngeanza kuyang'oa, mngeanza lini? Mtoto atakayejibu "lilipokuwa moja" amejifunza zaidi ya kuzidisha.

Ramani ya ziwa ichorwe mchangani kwa fimbo (kazi nzuri zaidi ambayo fimbo ya mwalimu inaweza kuifanya), na visoda mia vigawanywe kwa nchi tatu: 51 Tanzania, 43 Uganda, 6 Kenya, kwa hesabu inayotumika sana. Ndiyo asilimia hiyo. Sitaendelea na orodha, mwalimu mwenyewe akitoka nje ataona mengine.

Watakuja wasomi waseme haya ni mambo ya kigeni, ya kina Maria Montessori aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Namheshimu mama huyo. Lakini Usukuma ulikuwa na ualimu wake kabla jina lake halijafika hapa. Mcheza ngoma yeyote wa Kisukuma anajua habari za Bagalu na Bagika, yale makundi mawili makubwa ya ngoma yanayoshindana tangu karne ya 19. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na anayeshinda ni yule ambaye watu wamejaa upande wake. Hakuna refa. Watu wakichoka upande huu wanahamia ule. Manju anayeona watazamaji wake wanapungua hawalaumu kwa utovu wa nidhamu wala hawaandiki majina. Anabadilisha wimbo, analeta jambo jipya, anatoa nyoka au kinyago, anafanya chochote. Ningependa kila mwalimu wa Mwanza angefundisha siku moja tu katika uwanja wa namna hiyo, na darasa lingine likifundishwa hatua ishirini kutoka kwake, na watoto wameachiwa miguu yao.

Na bugobogobo, ile ngoma ya majembe, ilikuwa nini kama si kazi iliyopewa mdundo ili vijana walime shamba kubwa bila kuona saa? Alipotokea Mwalimu Nyerere na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka shamba liwe sehemu ya somo, hakuwa anatuletea jambo geni. Kilichoharibika ni utekelezaji. Shule nyingi zililigeuza shamba kuwa adhabu: umechelewa, chota maji, umepiga kelele, palilia matuta kumi. Hakuna aliyepima tuta, hakuna aliyehesabu mbegu, hakuna aliyeandika mvua. Jembe lilibaki, somo likaondoka, na vizazi viwili vikatoka shuleni vikiamini kwamba kazi ya mikono ni ya waliofanya makosa. Kipimo ni kilekile nilichokitaja.

Wapo walioelewa mapema. Kilomita kama ishirini kutoka mjini, barabara ya Musoma, pale Kisesa, ndipo ilipo Bujora. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alifika huko katika miaka ya 1950, na badala ya kuzipiga marufuku ngoma alizikaribisha. Kanisa lilijengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma na altare kwa mfano wa kiti cha mtemi, na kando yake yakaanzishwa makumbusho ya Wasukuma ambayo bado yapo. Sherehe za Bulabo, ambazo huangukia Juni karibu na sikukuu ya Ekaristi, zilikua hapo, na ngoma zikiwemo. Siwaombi walimu wote wajenge makumbusho. Lakini mtoto wa shule ya Mabatini au Igogo anaweza kupelekwa Bujora kwa nauli ya daladala, akaiona ngoma ya mtemi kwa macho, na nashangaa ni watoto wangapi wa mjini humaliza darasa la saba bila kufika.

Wala jambo hili si la Wakristo peke yao. Mwaka 1986 huko Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa shirika la Aga Khan, alianza kuunganisha mafunzo ya madrasa na malezi ya watoto wadogo, wakitumia vitu vya hapo hapo: vifuu, mbegu, makombe ya pwani, vipande vya mbao, visoda. Zanzibar ikafuata mwaka 1990, Uganda 1993. Wazazi wa mwanzo walikuwa na shaka, wakiogopa mtoto atacheza badala ya kusoma Kurani. Walipoona anasoma Kurani na pia anahesabu, wakaja wenyewe kusaidia kutengeneza vifaa. Mama aliyepiga msasa kibao cha herufi kwa ajili ya mtoto wake hawezi tena kusema mwalimu anacheza tu.

Maana lawama hiyo ipo, na ni kubwa. Mzazi anafungua daftari la mtoto jioni, anakuta kurasa tupu, anakwenda juu. Leo mmefanya nini? Tumegawa samaki. Samaki! Nililipia daftari la nini? Mwalimu mwenye akili hamngoji mzazi huyo akasirike. Mwishoni mwa kila kazi ya mikono anawaandikisha watoto mistari mitatu: tulifanya nini, tulipata nini, nilishangazwa na nini. Ni kidogo, lakini mtoto wa darasa la pili anayeandika sentensi yake mwenyewe amefanya kazi kubwa kuliko aliyenakili ubao mzima bila kuuelewa.

Juu ya darasa la watoto 120, sina muujiza. Kazi ya mikono haiwezekani kwa watoto 120 kwa pamoja, inawezekana kwa makundi kumi na mawili ya kumikumi, kila kundi na kiongozi aliyefundishwa jana yake baada ya saa za masomo. Watoto wetu wanajua kujipanga. Watazame wakicheza rede au kombolela: hakuna mtu mzima, sheria zinafuatwa, mdanganyifu anatolewa. Mwalimu anayewatumia wale viongozi wa uwanjani kuwa viongozi wa makundi darasani amepata wasaidizi kumi na wawili bila kumwandikia mkurugenzi barua. Mashindano yawe ya kundi kwa kundi, si ya mtoto mmoja mmoja, la sivyo mtoto yuleyule mwepesi atashinda kila siku na yule mzito atarudi mwaloni, ambako hakuna anayemcheka. Na zawadi za pipi ziachwe. Nimeona watoto wakijibu maswali ya Biblia huku macho yao yote yako kwenye mfuko wa mwalimu.

Wapo watakaonijibu kwa methali, samaki mkunje angali mbichi, na wanapoitamka mkono wao unatafuta fimbo. Basi waende wakamtazame mwanamke wa mwaloni anavyomkunja kambale kabla ya kumbanika. Anamshika kwa mikono miwili, anamzungusha taratibu mpaka mkia unafika mdomoni. Akitumia nguvu anapasuka, na samaki aliyepasuka hauziki.

Kuna jambo dogo la mwisho la kiutendaji, kwa sababu baada ya mazungumzo kama haya huulizwa gharama. Mwalimu wa darasa la kwanza na mwalimu wa watoto kanisani mara nyingi wanakaa mtaa mmoja, wakati mwingine ni mtu yuleyule. Wakutane Jumamosi moja. Gunia la visoda hupatikana bure katika baa yoyote ya mjini ukiomba kwa heshima asubuhi, kabla hawajafagia. Vioshwe kwa maji ya moto na sabuni viondoke harufu, kisha kila kimoja kigongwe kingo zake kwa jiwe juu ya jiwe mpaka zilale, kwa kuwa zinakata vidole. Kazi hiyo wapeni watoto wakubwa wa darasa la sita, na waambieni wahesabu wakati wanagonga.